Prosesa Peke Yake, au Bodi Nzima?

MCHEZAJI: Niseme mapema tusipotezeane muda: kadi ya grafiki haina kosa. Ni RTX 3060, na skrini ni ya 1080 yenye hezi 144. Kinachoniangusha ni prosesa. Ryzen 5 2600 ni ya 2018, na kwenye Counter-Strike 2, moshi ukitupwa na watu wanne wakaingia kwa mpigo, picha inakatakata. Unakufa hujui hata risasi imetoka wapi. Nataka prosesa mpya, basi.

MUUZAJI: Hiyo "basi" ndiyo haipo, mdogo wangu. Wewe uko kwenye soketi ya AM4, kitu cha 2016. Kuweka pesa pale ni kupaka rangi nyumba iliyopigwa X nyekundu. Chukua bodi ya AM5, RAM za DDR5 na Ryzen 5 7600. Ukipata pesa siku za mbele unatoa 7600, unaweka kubwa zaidi kwenye bodi ileile. AMD wenyewe wameshasema AM5 wataihudumia mpaka 2027 na kuendelea.

FUNDI: Bosi, hiyo AM4 unayoizika imezaa hata 2024. Bodi yake ni B450 ya 2018, na inapokea Ryzen 7 5700X3D iliyozinduliwa Januari 2024. Yeye bado amekaa na prosesa iliyotoka mwaka mmoja na bodi. Juu yake kuna 3600, kuna 5600, kuna 5700X, halafu ndiyo zinakuja hizo X3D. Unamwambia njia imekwisha wakati hajapanda hata ngazi moja! Prosesa inatoka, nyingine inakaa, RAM zilezile, pawa saplai ileile, Windows ileile.

DADA MTU: Ngojeni kwanza. Kila mtu hapa ana prosesa mdomoni, na mwenye mkoba ni mimi. Halafu bosi, nyumba zenye X nimeziona zikikaliwa miaka na miaka, watu wanaoa na kuozesha humohumo. Niulize swali la mtu asiyejua: mmejuaje kuwa tatizo ni prosesa? Mwaka juzi huyu aliniambia ni kadi, nikanunua kadi.

MCHEZAJI: Kadi ile ilihitajika, dada.

DADA MTU: Sijasema haikuhitajika. Nauliza mmejuaje safari hii.

FUNDI: Kuna kipimo hakina gharama, dada. Unashusha rezolusheni ya mchezo, kutoka 1080 hadi 720, halafu unarudia ramani ileile. Kazi ya kadi inapungua sana. Kama kadi ndiyo iliyokuwa imezidiwa, fremu zitapanda. Zikibaki palepale, ujue kadi inamsubiri mwenzake.

MCHEZAJI: Nimefanya hivyo. Fremu hazikusogea. Na kadi nilipoiangalia ilikuwa inatumika asilimia sitini tu, wakati ingekuwa yenyewe ndiyo kikwazo ningeiona iko tisini na saba, tisini na nane.

MUUZAJI: Lakini hata prosesa yako uliniambia Task Manager inasoma asilimia arobaini na kitu. Sasa kama prosesa imetumika nusu na kadi imetumika nusu, nani amechoka?

FUNDI: Hapo ndipo wengi wanapotea. Ile arobaini na kitu ni wastani. 2600 ina viini sita vyenye nyuzi kumi na mbili, na Task Manager inazijumlisha zote. Mchezo una uzi mmoja mkuu unaobeba mzigo mzito kuliko wenzake. Ukifungua mchoro wa kila uzi peke yake, utakuta mmoja umegota juu na wengine wanapiga soga. Huo mmoja ndio unaoamua fremu.

DADA MTU: Nimeelewa. Kwa hiyo prosesa yenye viini vingi zaidi si lazima iwe dawa.

FUNDI: Si lazima. Kwa mchezo wake, kasi ya kiini kimoja na kashe ndiyo mambo. Ila kabla hatujafika huko, niseme nilichokikuta nilipofungua ubavu wa mashine yake. Ana RAM mbili za gigabaiti nane. Bodi ina nafasi nne. Zote mbili alizipanga kwenye nafasi ya kwanza na ya pili kutoka kwenye prosesa, zimebanana.

MCHEZAJI: Nilipenda zikae pamoja.

FUNDI: Zikikaa hivyo zinatumia njia moja. Kwenye bodi nyingi za nafasi nne, mbili zinatakiwa nafasi ya pili na ya nne ndipo njia zote mbili zifunguke. Halafu RAM zenyewe zimeandikwa 3200, lakini BIOS ilikuwa inaziendesha kwa 2400, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwasha XMP. Amekaa miaka na RAM ya 3200 inayotembea kama ya 2400, tena kwa njia moja. Na Ryzen za zamani zinategemea sana kasi ya RAM, maana hata mawasiliano ya ndani ya prosesa yanafuata mwendo wake.

DADA MTU: Na kuzihamisha ni shilingi ngapi?

FUNDI: Bure. Nimeshazihamisha, XMP nimeiwasha.

MUUZAJI: Wewe fundi utatufungia maduka Kariakoo.

MCHEZAJI: Imesaidia, sikatai. Wastani umepanda na mikato imepungua. Lakini haijaisha. Moshi ukitupwa bado inashuka, na skrini ya hezi 144 nailisha fremu tisini. Ninachocheza nacho si wastani, ni zile sekunde mbili mbaya. Mechi inaamuliwa pale.

(Mwandishi aingilie kidogo. Nimewasikia watu wakibishania prosesa saa nzima na hakuna aliyeuliza RAM zimekaa nafasi ipi. Mwenye kusoma hapa na ana nafasi nne kwenye bodi yake, aache ukurasa aende akaangalie, kisha arudi.)

MUUZAJI: Tuseme RAM imeshughulikiwa. Tumebaki na prosesa. Mimi nina Ryzen 5 5600 mpya kwenye boksi, imekuja na feni yake. Viini sita, inafika gigahezi 4.4, wati 65. Kama mmekataa AM5, chukueni hii, tumalize. Simuuzii mtu mtumba halafu anirudie.

MCHEZAJI: Mimi nataka 5700X3D.

DADA MTU: Tofauti yake nini? Nimesoma hapa, ile ya X3D inafika gigahezi 4.1 tu. Ya bosi ni 4.4. Ya bei ndogo ndiyo yenye kasi kubwa?

FUNDI: Gigahezi zitakudanganya, dada. Ndani ya prosesa kuna kumbukumbu ndogo iliyo jirani kabisa na viini, tunaiita kashe. Mchezo unauliza maswali mamilioni: adui yuko pembe gani, ukuta huu unazuia risasi, moshi umetanda mpaka wapi. Jibu likiwa kwenye kashe, kiini kinalipata papo hapo. Lisipokuwemo, kinatuma ombi hadi kwenye RAM, na muda wote huo kimekaa bure. Hata kiwe na gigahezi tano, kinasubiri kwa kasi ya gigahezi tano. Sasa 2600 yake ina kashe ya L3 ya megabaiti 16, tena imekatwa vipande viwili vya nane, kila viini vitatu na kipande chao. 5600 ina 32, na viini vyote sita vinachota sehemu moja. 5700X3D ina 96. Wamechukua kipande cha kashe cha ziada wakakibandika juu ya kile cha chini. Ndiyo maana kasi wameishusha: ghorofa ile inazuia joto kutoka.

MUUZAJI: Sema yote, fundi. Sema pia kwamba kwa kadi ya 3060, michezo mingi hatajua kama ameweka 5600 au hiyo ya megabaiti 96. Wanaopima hizi prosesa wanatumia kadi kubwa kabisa kwa makusudi, ili kadi isiwe kikwazo. Yule anayeonyesha X3D imeacha wenzake mbali kafunga RTX 4090. Huyu kijana ana 3060. Kwenye mchezo mzito wa hadithi, wenye picha za kifahari, kadi itagota kabla prosesa haijatoa jasho.

FUNDI: Kwenye hiyo michezo, kweli.

MCHEZAJI: Lakini mimi sichezi hiyo! Nacheza Counter-Strike, mipangilio nimeshusha yote chini ili adui aonekane. Kadi inabaki na kazi ndogo. Na nikichoka nacheza Cities: Skylines II, mji ukijaa watu unakuwa mzito mpaka saa ya mchezo inasinzia. Michezo miwili hiyo ndiyo inayokula prosesa. Kama kuna mtu duniani X3D ilitengenezwa kwa ajili yake ni mimi.

DADA MTU: Duniani! Na zile video za send-off unazohariri usiku, ambazo ndizo zinanirudishia pesa yangu, hazimo kwenye hesabu?

MCHEZAJI: Zimo.

DADA MTU: Fundi, kashe inasaidia kuhariri?

FUNDI: Kidogo mno, dada. Kazi ya video inataka viini na kasi. Kama ningekuwa nachagua kwa ajili ya video peke yake, ningechukua 5700X ya kawaida, isiyo na 3D: viini nane, inafika gigahezi 4.6, wati 65. Kwenye video itaipita X3D. Kwenye mchezo X3D itaipita.

MUUZAJI: Mnaona? Mnazunguka. 7600 ya AM5 ina viini sita lakini kila kiini chake kina nguvu kuliko cha AM4, na inafika gigahezi 5.1. Inafanya mchezo, inafanya video. Hakuna kuchagua kati ya tumbo na starehe.

FUNDI: Na RAM?

MUUZAJI: RAM ni DDR5.

FUNDI: Sema bei.

MUUZAJI: Bei imepanda, dunia nzima inajua.

FUNDI: Imepaa! Tangu miezi ya mwisho ya 2025 viwanda vya chipu za kumbukumbu vinapeleka mzigo kwenye seva za akili mnemba, na sisi tunagombania kinachobaki. Desemba 2025 Micron walitangaza kwamba wanaacha kuuza RAM za Crucial kwa wateja wa kawaida, jina ambalo kila fundi amelikuta kwenye mashine za watu. Ukimpeleka AM5 leo, prosesa ndiyo kitu cha bei ndogo. Atanunua bodi, atanunua RAM mpya kwa bei hiyo, na za kwake za DDR4 hazitaingia hata ukizisukuma kwa nyundo. Gigabaiti 16 alizonazo leo ni mali, bosi. Unamshauri aiache.

MUUZAJI: DDR4 nazo zimepanda. Asiziache, aziuze. Auze RAM, bodi na prosesa kwa pamoja, apate fungu la kuanzia. Huo ndio wakati wa kuuza, bei ikiwa juu, si ikishuka.

DADA MTU: Hoja hiyo ina maana. Fundi?

FUNDI: Ina maana kwa anayeuza, ila huyu anauza kidogo ili anunue kingi. Vyote viwili vimepanda, na anachonunua ndicho kilichopanda zaidi.

MUUZAJI: Halafu video zake. Gigabaiti 16 kwa video za 4K hazitoshi, atataka 32. Kama atanunua RAM kwa vyovyote, kwa nini anunue za soketi iliyofungwa?

FUNDI: Kwa sababu kwenye AM4 ataongeza gigabaiti 16. Kwenye AM5 atanunua 32 zote. Na si lazima anunue leo. Tena wakati wa kutoa video ya mwisho, kadi yake ya RTX ina kitengo chake cha kubana video, NVENC, prosesa inapumzika hapo. Tusimfanye anahariri filamu.

MCHEZAJI: Naomba niulize. Tukiacha bei kidogo...

DADA MTU: Bei haiachwi.

MCHEZAJI: Dada, kidogo tu. Kama ningeenda AM5, ningetaka 7800X3D au 9800X3D.

DADA MTU: Dola ngapi?

MUUZAJI: 9800X3D ilizinduliwa Novemba 2024 kwa dola 479.

DADA MTU: Na bodi?

MUUZAJI: Hapana, dada, hiyo ni prosesa tupu. Hata feni haina.

DADA MTU: Tuendelee na mengine.

MUUZAJI: Basi nileteni Intel, maana mmeisahau. Core i5-12400F. Viini sita vyenye nguvu, na kuna bodi zake zinazopokea DDR4. RAM zake zinahamia, anapata bodi mpya, anapata prosesa nzuri. Kadi anayo, kwa hiyo hiyo F ya mwisho, kukosa grafiki za ndani, haimdhuru. Fundi, hapo una neno?

FUNDI: Nina maneno mawili. La kwanza: atanunua bodi na prosesa ili afike palepale ambapo 5600 ingemfikisha bila bodi. La pili: Intel na soketi, bosi, unazikumbuka. Mwenye i7-7700K ya Januari 2017 aliambiwa Oktoba mwaka uleule kwamba prosesa za kizazi cha nane zinataka bodi mpya, na soketi imeandikwa LGA 1151 ileile. Inaingia kabisa na haiwaki.

MUUZAJI: LGA 1700 haiko hivyo. Bodi ya 12400F inapokea kizazi cha kumi na mbili, cha kumi na tatu na cha kumi na nne. Ana pa kupanda.

FUNDI: Anapanda kwenye zile zilizougua. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa za kizazi cha 13 na 14 za mezani zilikuwa zinadai volteji kupita kiasi na kujichakaza. Mashine zinazima katikati ya mchezo, programu zinafunga zenyewe. Walitoa marekebisho ya maikrokodi Agosti 2024 na wakaongeza waranti miaka miwili. Marekebisho yanazuia madhara, hayaponyi chipu iliyokwisha kuchakaa. Sasa akinunua i7 ya kizazi cha 13 iliyotumika, atajuaje iliishi vipi kabla ya Agosti ile? Na waranti hiyo ataidai wapi akiwa Tandika?

MUUZAJI: 12400F haimo kwenye ugonjwa huo.

FUNDI: Haimo. Nimesema hapo pa kupanda.

DADA MTU: Intel tuiweke pembeni. Bado sijasikia mtu akinieleza hatari za njia ya fundi. Imekuwa nzuri mno.

MUUZAJI: Ahsante! Nianze mimi. Moja, hiyo 5700X3D mpya kwenye boksi imeadimika. Atanunua iliyotumika. Prosesa za AM4 zina pini chini yake, 1331, nyembamba kama nywele. Ikidondoka, ikipinda safu moja, haikai. Mbili, kuna matapeli wanaosugua maandishi ya juu na kuandika mengine. Unanunua X3D, unafika nyumbani una 1600. Tatu, B450 hiyo haitaitambua prosesa mpaka BIOS isasishwe. Na BIOS ikikatikiwa na umeme katikati, bodi imekufa. Umeme wa kwetu mnaujua wenyewe.

DADA MTU: Fundi, jibu moja moja.

FUNDI: Pini: naziangalia kwa mwanga wa pembeni, prosesa nimeilaza usawa wa jicho, safu zote zinatakiwa zinyooke ukizitazama kwa mstari. Iliyopinda kidogo nainyoosha kwa ncha ya penseli ya kubonyeza, risasi nimeitoa. Iliyokatika siigusi. Utapeli: sinunui prosesa ambayo sijaiona ikiwaka. Inafungwa kwenye bodi, CPU-Z inafunguliwa, nasoma jina, viini nane, na kwenye L3 lazima isome 96. Maandishi ya juu mtu anaweza kuyaandika, megabaiti 96 haziandikiki. BIOS: nafanya kwa UPS, tena kabla ya kutoa ile 2600, maana bodi lazima iwake na prosesa inayoifahamu.

MUUZAJI: Na kuitoa hiyo 2600? Waambie.

FUNDI: Kuitoa ndiko kunakoniogopesha kuliko yote, nakiri. Pesti ikikauka, inagandisha prosesa kwenye kipoza joto. Ukivuta juu kwa nguvu, prosesa inachomoka na kufuli yake imefungwa, inaning'inia chini ya feni, pini zimepinda. Dawa yake ni kuucheza mchezo dakika ishirini kwanza, chuma kipate moto, pesti ilainike, halafu unazima na kuzungusha feni kushoto kulia taratibu mpaka uisikie imeachia. Hapo ndipo unainua.

MUUZAJI: AM5 haina mambo hayo. Pini ziko kwenye bodi, prosesa imebanwa na fremu ya chuma, haivutiki.

FUNDI: Na ukiangusha bisibisi kwenye soketi ya AM5, bodi nzima imekwenda. Kila moja na msiba wake.

DADA MTU: Feni aliyonayo itatosha?

FUNDI: Haitatosha. Ile iliyokuja na 2600 ni ndogo. X3D imeandikwa wati 105 na haina feni kwenye boksi, na joto la Dar mnalijua, ifikapo Januari chumba chenyewe kina thelathini na mbili kabla mashine haijawashwa. Anahitaji kipoza joto cha mnara.

DADA MTU: Mbona hilo halikusemwa mwanzoni? Niliambiwa prosesa inatoka, nyingine inakaa.

FUNDI: Kwa 5600 ndivyo ilivyo. Kwa X3D kuna feni ya kununua.

DADA MTU: Basi kuna njia mbili ndani ya njia yako, na umekuwa ukizitetea kama moja. Bei ya 5600, ubora wa X3D.

MUUZAJI: Dada yangu, ungekuja dukani kwangu ufanye kazi.

MCHEZAJI: Na Windows? Kuna mtu aliniambia 2600 imeshaachwa nyuma, Windows 10 ilimalizika Oktoba 14, 2025.

MUUZAJI: Nilikuwa nafika huko.

FUNDI: Usifike, bosi. 2600 imo kwenye orodha ya Windows 11. Zilizoachwa ni Ryzen za mwanzo, zile za 1000. Kinachotakiwa ni kuwasha TPM na Secure Boot kwenye BIOS. Na hata Battlefield 6 inayodai Secure Boot, inadai swichi, haidai prosesa. Niongeze jambo: AMD walikiri Machi 2022 kwamba TPM ya ndani ya Ryzen inaweza kusababisha mashine kukwama kwa muda mfupi, na dawa ilikuja na BIOS mpya. Bodi yake bado ina BIOS ya zamani. Kwa hiyo BIOS isasishwe hata kama hamnunui kitu.

DADA MTU: Yaani inawezekana sehemu ya mikato inatoka hapo?

FUNDI: Inawezekana. Siwezi kuapa.

DADA MTU: RAM ilikuwa bure, imesaidia. BIOS ni bure, inawezekana ikasaidia. Kwa nini basi tunazungumzia kununua leo?

MCHEZAJI: Kwa sababu hata vyote vikikaa sawa, dada, 2600 ni 2600! Hakuna BIOS itakayoigeuza megabaiti 16 kuwa 96. Na mimi nalipwa senti kidogo kwenye hizi mechi, unajua. Wenzangu seva wanaipata ya Johannesburg au Dubai kama mimi, pingi yetu ni moja, mbaya kwa wote. Pingi siwezi kuinunua. Fremu naweza.

DADA MTU: Hujawahi kupoteza mechi kwa sababu ya pingi?

MCHEZAJI: Nyingi.

DADA MTU: Nyingi kuliko za prosesa?

MCHEZAJI: Sijahesabu.

MUUZAJI: Niseme la biashara, bila kuzunguka. Ninayo 5700X3D moja, iliyotumika, safi. Mtaijaribu hapahapa mezani kwangu, CPU-Z, kila kitu. Siku saba za kurudisha.

DADA MTU: Ulisema humuuzii mtu mtumba akakurudia.

MUUZAJI: Nilisema kabla hamjakataa vingine vyote.

DADA MTU: Siku saba ni chache. Mwezi.

MUUZAJI: Mwezi siwezi. Mtu anaweza kuipindisha pini mwenyewe akanirudishia. Na kuna kijana wa Sinza ameiulizia mara mbili, nimemwambia nitampa jibu kabla sijafunga.

DADA MTU: Mpe huyo wa Sinza. Sisi tutasasisha BIOS, tutaona mikato imebaki kiasi gani, na mwakani ikishuka bei tutamfuata tununue kwake.

FUNDI: Hapo dada nakupinga. 5800X3D ilizinduliwa Aprili 2022 kwa dola 449, na baada ya RAM kupanda zilizotumika zikaanza kuuzwa zaidi ya hapo, maana kila mwenye AM4 na DDR4 anaitafuta ngazi ya mwisho. Hizi ndizo prosesa za zamani zinazopanda bei kadiri zinavyozeeka.

DADA MTU: Basi mwakani tutamuuzia huyo wa Sinza ile 2600, nayo itakuwa imepanda.

MCHEZAJI: Dada!